Sakafu ya Juu na Sakafu ya Chini: Msamiati wa Kazi za Ndani katika Nyumba ya Mawe ya Lamu

Kwa wasemaji wengi wa leo, sakafu ni ile inayokanyagwa. Hata hivyo, neno la Kiarabu lililozaa neno hilo, saqf, lina maana ya paa au dari, na katika Kiswahili cha zamani cha pwani sakafu iliweza kuwa juu ya kichwa cha mwenye nyumba. Mgeuko huu wa maana hauelezeki kwa kamusi peke yake. Unahitaji kufuata mpangilio wa kazi ya fundi.

Ichukuliwe nyumba ya mawe ya Lamu ya karne ya 18. Kuta za matumbawe na chokaa zikiisha kusimama, kazi ya ndani ilianzia juu. Boriti za mikoko zilipangwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa kuwa hazikufaa kuvuka nafasi inayozidi sana mita 3, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Juu ya boriti viliwekwa vibamba vya matumbawe, kisha kokoto zilizochanganywa na chokaa, zikapigiliwa kwa vijiti siku kadhaa, watu wakiimba kwa mpigo mmoja, mpaka zikashikana. Huko ndiko kusakifu. Kilichopatikana kilikuwa kifuniko cha nyumba; lakini jamaa ilipoongezeka, na hasa binti alipokaribia kuolewa, orofa nyingine ilijengwa juu yake. Paa la wazazi likawa mahali pa binti pa kukanyaga, na jina likabaki lile lile.

Wapo watakaopinga kwamba chini nako kulipigiliwa chokaa, hivyo kitenzi kilitaja namna ya kazi, wala si mahali pake. Hoja hiyo ina uzito. Lakini haivunji ile ya kwanza, bali inaeleza kwa nini neno lilihama kwa urahisi namna hiyo.

Baada ya sakafu ndipo zilipofuata kazi za kuta: kutomea, yaani kuziba mianya kwa mawe madogo na chokaa, kisha lipu, na mwisho nakshi na zidaka. Zidaka ni safu za vishubaka vilivyojengwa katika ukuta wa vyumba vya ndani, navyo vina thamani ya pekee kwa mwanaisimu. Umbo lake ni la Kiamu, lenye zi- pale Kiswahili Sanifu kinapotumia vi-, na umoja wake, kidaka, ni udogo wa daka, jina la baraza ya mlangoni. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliwaonyesha wasomaji wake zidaka za Pate zilizokuwa na vyombo vya kaure zikiwa makao ya ndege. Hakuhitaji kueleza ni kitu gani. Msomaji wake alikuwa navyo nyumbani.

Majina ya vyumba nayo yalihifadhi kazi ya fundi. Msana wa tini na msana wa yuu havikuwa orofa mbili, kama mgeni anavyodhani, bali vyumba viwili vilivyofuatana, cha ndani kikiinuliwa kidogo kupita cha nje. Kosa la kutafsiri yuu kuwa ghorofa ni dogo kwenye karatasi, ila humpotosha mwenye kuchora ramani ya nyumba iliyobomoka.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na tangu hapo suala la msamiati limekuwa pia suala la ukarabati. Neno lipu halikubadilika, lakini kitu kimebadilika. Fundi kijana akiambiwa apige lipu, aghalabu huchukua saruji. Na saruji juu ya ukuta wa matumbawe huzuia unyevu usitoke, mpaka tabaka lote likabanduka vipande vipande, pamoja na nakshi iliyokuwa chini yake.