Kompyuta Yenye Mifumo Miwili: Habari za Dzaleka na Lilongwe

Yawezekanaje kompyuta ya mapajani yenye Windows na Linux kandokando inase mtandao usio na waya katika mfumo mmoja, isiunase katika wa pili, ilhali kadi ya mawimbi ni ile ile? Wengi husema kadi imekufa. Sisi twaona jibu limo katika historia zaidi kuliko katika chuma.

Mahali pafaapo kulitazamia swali hili ni Dzaleka, wilayani Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe. Katika enzi ya Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Tangu 1994 ni makazi ya wakimbizi, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda, ndiyo maana Kiswahili chasikika huko, mbali na pwani. Masomo ya chuo kikuu kwa njia ya intaneti yalianza hapo 2010 chini ya mpango wa Wajesuti. Basi mwanafunzi asiyepata mtandao hana darasa. Nayo serikali ya Malawi iliamuru 2023 kwamba wakimbizi waishio mijini warudi makazini; kwa hiyo kumwambia mtu aipeleke kompyuta yake kwa fundi wa Lilongwe ni ushauri mwepesi kutamkwa, mgumu kutekelezwa.

Linux ilitolewa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu. Lakini kadi ya mawimbi huhitaji kiendeshi, yaani programu ya kuiongoza, na aghalabu huhitaji pia programu nyingine ndogo ipakiwayo ndani ya kadi yenyewe kila iwashwapo. Watengenezaji waliziandika kwa ajili ya Windows, wakazifanya siri. Kadi za Broadcom zilivuma sana kwa usumbufu huo. Mnamo 2003 ilizuka ndiswrapper, hila ya kukivisha kiendeshi cha Windows joho la Linux. Wengine wakachagua njia ndefu: waliuchunguza mwenendo wa kadi hizo kwa subira, wakaandika kiendeshi chao wenyewe, nacho kikaingizwa katika Linux 2006. Ndipo Broadcom nayo, 2010, ikafungua kiendeshi cha baadhi ya kadi zake mpya.

Hata hivyo ile programu ndogo ilibaki mali ya kampuni, na Debian, kwa kushika msimamo wa uhuru, haikuitia katika diski zake rasmi za kusakinishia hadi wanachama wake walipopiga kura 2022. Toleo la 12, la 2023, ndilo la kwanza kuwa nayo. Kabla ya hapo mtu alitakiwa awe na intaneti ili apate kitu cha kumpatia intaneti! Penye waya wa mtandao ukutani hilo lilikuwa kero ndogo. Pasipo na waya, njia ni kuiunganisha simu kwa kebo ya USB na kuiamuru igawe mtandao wake, kwani Linux huiona kana kwamba ni kadi ya waya. Au faili lenyewe liletwe na mwenzako katika kidude cha kumbukumbu.

Tusidhani kwamba mambo haya ni mageni nchini Malawi. Tangu 2001, katika Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe, mradi wa Baobab Health ulianza kuwaandikisha wagonjwa kwa kompyuta za kugusa kioo, ukaijenga kazi yake juu ya Linux. Na 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili.

Si kila ugonjwa, lakini, utokao kwa kiendeshi. Tangu Windows 8 ya 2012, mfumo huo ukiambiwa uzime mara nyingi hulala nusu tu, na kuiacha kadi au sehemu yake ya diski katika hali isiyofaa kwa Linux. Kubonyeza kitufe cha Shift wakati wa kuzima huuzima kabisa.

Ikiwa lazima kusakinisha upya, kwanza iwashe Linux kutoka katika kidude cha USB bila kugusa diski. Mtandao ukipatikana hapo, kadi ni nzima na kosa limo katika usakinishaji wa zamani. Usipopatikana, kusakinisha toleo lile lile hakutaponya kitu. Kisha nakili kazi zako kwingine, na kama Windows imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wake wa dharura kwenye karatasi. Hatari kubwa ni ule ukurasa wa kuchagua diski, ambao wengi huusoma kwa Kiingereza cha kubahatisha: chaguo moja hufuta diski yote, pamoja na Windows na insha za mwaka mzima, jingine hukuruhusu kuchagua sehemu ya Linux peke yake. Na mwenye kutenga sehemu maalumu ya faili zake aiache bila kuifuta, aionyeshe tu mfumo mpya mahali ilipo.