Umegonga, na gari halina bima: ufanye nini?

Kila siku magari hutoka Mombasa kwenda Busia na Malaba, safari ya zaidi ya kilomita 900, na wengi walioshika usukani ni vijana wetu wa Pwani. Ndiyo maana swali hili nimeulizwa zaidi ya mara moja: mtu akigonga huko ugenini, na gari halina bima, afanye nini? Ndugu msomaji, nalijibu kwa sheria za Kenya zilivyo.

Tuchukue mfano. Gari dogo limemgonga mwendesha bodaboda karibu na Nangina, upande wa Funyula, kaunti ya Busia. Mguu umevunjika, watu wanakusanyika, na bima iliisha wiki mbili nyuma. Hapo dereva hujiwa na mawazo matatu: akimbie, amtafute wakala ampe cheti cha haraka, au amtie majeruhi pesa mkononi mambo yaishe.

Kukimbia ndiko kubaya zaidi. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki kinamtaka dereva asimame, atoe jina na anwani yake na ya mwenye gari, na aripoti polisi mapema awezavyo, kabla ya saa 24 kupita. Kukosa bima ni kosa lenye faini au kifungo. Akikimbia ameongeza kosa la pili, na majeruhi amebaki barabarani. Akiona umati unatishia maisha yake, aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, si nyumbani wala ng'ambo ya mpaka.

Cheti cha haraka nacho hakimsaidii. Bima huanza saa iliyoandikwa kwenye cheti, na siku hizi vyeti hutolewa kidijitali. Bima ya jioni hailipi ajali ya asubuhi. Kudanganya saa ya ajali ni ulaghai, na hiyo ni kesi nyingine.

Pesa mkononi zina maelezo yake. Sulhu ni jambo la heri, na mimi naipendelea kuliko miaka ya mahakamani. Lakini isifanywe kando ya barabara, kabla ya daktari kusema mtu ameumia kiasi gani. Majeruhi ana miaka 3 ya kufungua kesi ya fidia. Akiwa mtoto, hesabu huanza anapofikia utu uzima. Ukimpa elfu kumi leo bila maandishi, kesho huna ushahidi kuwa ulilipa, wala ulilipia nini. Na hata mkipatana, shauri la polisi linaweza kuendelea, kwa sababu hilo ni baina yako na serikali.

Basi utaratibu ulio salama ni huu. Kwanza, majeruhi afikishwe hospitali. Nangina penyewe ipo hospitali ya misheni. Pili, piga picha za magari yalivyosimama, alama za tairi na namba za usajili, na uchukue simu za mashahidi. Tatu, ripoti polisi na uombe abstrakti. Majeruhi naye atahitaji fomu ya P3. Nne, usitie sahihi maelezo usiyoyaelewa, mtafute wakili. Tano, mkishapatana, yaandikwe kiasi, tarehe na madai yanayomalizwa, pande zote zitie sahihi mbele ya mashahidi, na malipo yapite benki au simu ili yaache alama.

Uzito wa jambo uko kwenye nani analipa. Kwa bima ya lazima, kampuni hubeba fidia ya majeruhi, na sheria imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Bila bima, mzigo wote ni wa dereva na mwenye gari, na mahakama inaweza kuamuru mali ipigwe mnada. Sheria humhesabu aliyeandikwa kwenye usajili kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo wewe uliyeuza gari bila kubadilisha jina, kesi ya Nangina inaweza kukukuta Kisauni umekaa barazani.

Kwa wanaovuka kwenda Uganda, stika ya Kenya peke yake haitoshi. Waulize kampuni yako ya bima Kadi ya Njano ya COMESA, inayobeba madai ya watu wengine katika nchi zilizomo kwenye mpango huo. Kadi hiyo huambatanishwa na bima ya nyumbani. Bima ikiwa imekufa, usiitegemee kadi.

Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Mguu wa yule bodaboda ni deni, na watoto wake wanakula kwa mguu huo. Kabla hujawasha gari kesho, soma tarehe iliyo kwenye cheti chako.