Madirisha ya FIBA

Madirisha ya FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, ni vipindi vifupi katikati ya msimu wa klabu ambapo timu za taifa za mpira wa kikapu hucheza mechi za kufuzu. Utaratibu huu ulianza Novemba 2017, kwa mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2019 nchini China.

Hasara yake kubwa imeziangukia timu za taifa. NBA haiwaachii wachezaji wake msimu ukiendelea, na EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya, ilikataa kusimamisha ratiba yake. Slovenia, mabingwa wa Ulaya mwaka 2017, walibaki bila Luka Dončić, wakati huo wa Real Madrid, na hawakufuzu. Ni adhabu isiyo ya haki kwa nchi ndogo yenye nyota wachache.

Hata hivyo, klabu zina sababu ya kuhofu. Agosti 2014, Paul George wa Indiana Pacers alivunjika vibaya mguu wa kulia katika mechi ya mazoezi ya timu ya Marekani mjini Las Vegas. Msimu uliofuata aliichezea klabu yake mechi 6 tu.