Wizi wa Mabavu, Korti za Pande Mbili

Kutoka Buteba kufika Malaba si mbali, lakini ukishtakiwa kwa wizi wa mabavu, upande uliohukumiwa ni jambo kubwa. Sheria ya Uganda na ya Kenya zote zina mizizi kwa Mwingereza. Wakati wa ukoloni, kesi za huku na za kule zilipanda mpaka Mahakama moja ya Rufani ya Afrika Mashariki, halafu hata London. Uhuru ulipokuja adhabu ikawa kali zaidi: wizi wa kutumia silaha ni kifo, na korti haina la kuchagua.

Waliovunja hiyo lazima ni wafungwa wenyewe. Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, wote wamehukumiwa kifo, hawakubishana nani aliua au nani aliiba. Walitaka jaji aruhusiwe kumsikiliza mtu kabla ya kumpa adhabu. Mwaka 2005 wakashinda. Serikali ikakata rufaa, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ikawakubalia tena. Kifo kimebaki kwenye sheria, ila si lazima.

Kenya je? Kesi ya Muruatetu ya 2017 ilifungua mlango huohuo. Wafungwa wa wizi wa mabavu nao wakakimbilia, lakini Julai 2021 korti ikasema ile ni ya mauaji tu.

Na rufaa yenyewe, pande zote mbili, unapewa siku 14. Kijana asiyeelewa lugha ya korti, siku hizo zinaisha bado anawauliza wenzake wa seli amefungwa miaka mingapi.