Niels Henrik Abel na Kosa Lililomfunza

Msomaji, huenda siku moja ulimaliza hesabu ngumu, ukafurahi, kisha ukaona umekosea. Basi jua kwamba jambo hilo lilimpata hata mmoja wa wataalamu wakubwa wa hesabu, alipokuwa angali mwanafunzi kama wewe.

Niels Henrik Abel, mwana wa kasisi, alizaliwa Norway mwaka 1802. Shuleni mjini Christiania, ambao leo huitwa Oslo, mwalimu kijana, Bernt Michael Holmboe, alitambua kipaji chake, akampa vitabu vya mabingwa avisome. Mwaka 1820 babake alifariki, na ufukara ukaikabili jamaa yake.

Labda umekwisha kujifunza kanuni ya kutatua milinganyo ya kipeo cha pili. Kanuni za kipeo cha tatu na cha nne nazo zilijulikana zamani. Ya kipeo cha tano iliwashinda wataalamu kwa zaidi ya miaka 250. Mwaka 1821 Abel alidhani ameipata. Walimu wake hawakuona kosa, na kazi yake ikapelekwa kwa Profesa Degen huko Copenhagen. Degen aliomba mfano mmoja tu wa tarakimu. Abel alipokuwa akiutengeneza mfano huo, akaligundua kosa lake mwenyewe.

Je, alikata tamaa? La, aligeuza swali. Badala ya kuuliza kanuni hiyo ni ipi, aliuliza kama yaweza kuwako. Mwaka 1824 alithibitisha kwamba hakuna kanuni ya jumla ya kutatua milinganyo hiyo kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta vipeuo. Aliichapisha kwa gharama yake mwenyewe, na ili kupunguza gharama akaibana yote katika kurasa 6.

Mwaka 1826 alipeleka andiko jingine kubwa kwa Akademia ya Sayansi ya Paris. Likawekwa kando bila kujibiwa. Alirudi kwao mwaka 1827 akiwa na madeni, bila kazi ya kudumu. Kifua kikuu kilimwua tarehe 6 Aprili 1829, akiwa na umri wa miaka 26. Siku mbili baadaye, rafiki yake August Crelle alimwandikia kutoka Berlin kwamba kazi imepatikana huko. Mwaka 1830 Akademia ile ile ya Paris ikampa tuzo, na tangu mwaka 2003 Norway hutoa Tuzo ya Abel kwa mabingwa wa hesabu.

Wahenga walisema, kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Basi, msomaji, uonapo kosa katika daftari lako, usilifute upesi. Litazame kwanza, uone lilianzia wapi.