Matema, Mlango wa Mbele wa Nyanda za Juu Kusini

Mtu wa Mbeya au Iringa akitamani pwani, mawazo yake hukimbilia Bagamoyo na Zanzibar. Akitaka kumwona papa potwe, atafunga safari mpaka kisiwa cha Mafia. Kumbe Nyanda za Juu Kusini zina pwani yake zenyewe. Ukitoka Uyole ukaipita Tukuyu na mashamba yake ya chai, unateremka kutoka mita zaidi ya 1,700 hadi chini ya 500. Baridi inabaki nyuma, na Kyela inakupokea kwa joto, mpunga na kakao. Unakata Kikusya, unapita Ipinda, na mwisho wa njia ni Matema: mchanga, Ziwa Nyasa, na upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama wima kutoka majini.

Matema si kisiwa, ila kwa muda mrefu imeishi kama kisiwa. Mbele yake mlima umeibana pwani kiasi kwamba kwenda Ikombe au Lumbila, njia iliyozoeleka ni maji. Wageni huuita ufukwe huu wa mbali, uliojificha. Mimi nalikataa neno hilo, maana ufukwe huu haukujificha. Sisi ndio tuliougeuzia mgongo.

Kabla ya reli na lami, ulimwengu uliingia nyanda hizi kwa maji. Msafiri kutoka Ulaya alishuka Chinde, kwenye mdomo wa Zambezi, akapanda mto huo na Shire, akayazunguka maporomoko kwa miguu, kisha akavuka ziwa lote kutoka kusini hadi kaskazini. Ndivyo walivyokuja wamisionari wa Moravian na wa Berlin mwaka 1891. Wamoravian walikuwa wanne. Georg Martin alikufa kabla wenzake hawajajenga Rungwe. Alexander Merensky na kundi lake la Walutheri wa Berlin walijenga Manow, wakaweka vituo vingine hadi Ikombe. Kutoka huku ziwani wakapanda milima kuelekea Ubena, na mwaka 1898 wakafungua Kidugala. Kwa hiyo Mlutheri wa Njombe au Iringa anayetafuta mizizi ya kanisa lake katika nyanda hizi ataikuta njia yake inashuka mpaka kwenye maji haya.

Serikali ya Wajerumani nayo ilianzia hapa. Hermann von Wissmann alileta meli vipande vipande kwa njia hiyo hiyo ya Zambezi na Shire. Vipande vile vilipita juu ya mabega ya wapagazi kwenye sehemu ambazo mto haupitiki, na watu hao majina yao hayakuandikwa popote ninapopajua. Meli iliunganishwa juu ya maporomoko, ikaingia majini mwaka 1893. Mwaka huo huo, huko Lumbila, lilianzishwa boma lililoitwa Langenburg kwa heshima ya kabaila wa Kijerumani aliyeongoza Jumuiya ya Kikoloni. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa bado yuko Kalenga, ngome yake haijaanguka, wakati amri za wilaya ya ziwa zilikuwa tayari zinatoka kwenye ukanda huu mwembamba chini ya mlima. Lakini homa ziliwasumbua, na nafasi ilikuwa finyu. Mwanzoni mwa karne ya 20 boma likahamia juu, mahali tunapopaita leo Tukuyu.

Hata milima yenyewe ina jina la mtu ambaye hakufika. Livingstone aliliona ziwa mwaka 1859, akalichunguza tena mwaka 1861 kwa pwani ya magharibi, lakini hakuufikia upande wa kaskazini. Alichokiona, na kukiandika, ni kitu ambacho mtazamaji wa Matema anaweza kukiona hadi leo. Ni wingu jeusi linaloinuka juu ya maji kama moshi wa nyasi zinazoungua: ni visubi wa ziwa, makundi yasiyohesabika, wanaozaliwa kwa pamoja na kupeperushwa na upepo. Upepo ukiwaleta nchi kavu, watu huwakusanya na kuwafinyanga kuwa mikate. Chini ya wingu hilo kuna kina kinachofikia takriban mita 700, na samaki wa aina nyingi kuliko ziwa lolote duniani.

Waliokuwepo kabla ya hao wote ni Wakisi. Ardhi yao ya kulima ni ndogo, basi wakaishi kwa samaki na udongo. Wanawake hufinyanga vyungu, huvipamba kwa udongo mweupe na mwekundu, na kuvichoma kwa moto wa wazi. Vyungu hivyo vilikwenda kwa mitumbwi kwa Wanyakyusa kubadilishwa na chakula. Wakinga, mafundi chuma wa mlimani, walishuka na majembe. Mtandao huo wa biashara ulikuwa ukifanya kazi bila boma lolote. Soko la Lyulilo, kando ya Matema, bado hufanyika Jumamosi.

Kilichoubadilisha ufukwe huu ni barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975. Mizigo ikaanza kupita Makambako na Uyole, na ziwa likabaki nyuma. Meli ya MV Iringa iliendelea kutoka bandari ya Itungi, na jina lake lilistahili, kwani pwani ya Ludewa, Lumbila ikiwemo, ilikuwa mkoa wa Iringa hadi Njombe ilipojitenga mwaka 2012. Sasa ipo MV Mbeya II, iliyoanza safari mwaka 2021, ikichukua abiria 200 na tani 200 za mizigo.

Ukienda, panga ufike Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi uwahi Lyulilo kabla jua halijakolea, kisha ukodi mtumbwi hadi Ikombe ukawaone wafinyanzi kazini. Na ukipata nafasi kwenye meli, usiishie hapo. Nenda hadi Lumbila.