Kivoi, Krapf na Neno Lililokawia Ukambani

Taarifa yetu ya mwaka kwa kawaida hushughulika na michango, karo na misiba. Safari hii tumeona vema kutenga ukurasa kwa habari ya jinsi Neno la Mungu lilivyoingia katika nchi yetu ya Kitui; maana vijana wengi wa Tulia hudhani liliingia kwa urahisi, na kwamba kazi yote ilikuwa ya wageni.

Dkt. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina pamoja na mtoto wao mchanga. Hakurudi kwao. Mwezi wa Novemba 1849 alitoka Rabai akafika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, aliyempokea kama mgeni wa heshima. Kivoi ndiye aliyemsimulia habari za mlima mweupe, ambao Krapf aliuona kwa macho yake tarehe 3 Desemba.

Mwaka 1851 alirudi akikusudia kufungua misheni Yatta. Wapagazi wakamwacha, na ahadi za kumjengea nyumba hazikutimizwa. Akaenda tena kwa Kivoi, wakashika njia ya mto Tana. Mwezi wa Agosti, karibu na mto, wanyang'anyi waliwavamia, na Kivoi akauawa. Krapf alikimbilia porini peke yake. Alipofika mtoni alikunywa, kisha, kwa kuwa hakuwa na kibuyu, akajaza maji katika mtutu wa bunduki yake, akauziba kwa majani.

Aliporudi, jamaa za marehemu walimlaumu kwamba yu hai ilhali rafiki yake amekufa. Vitabu vingi huwahesabu watu hao kuwa wapinzani wa Injili. Sisi hatukubali. Ni nyumba gani ya Mkamba, iliyompoteza mkuu wake hivyo, ambayo isingeuliza swali lilelile? Krapf aliwatoroka usiku, akafika Rabai akiwa amedhoofika kabisa, na mwaka 1853 akaondoka Afrika ya Mashariki bila kuacha hata chumba kimoja cha misheni Ukambani.

Ikapita miaka arobaini. Mnamo 1891 Walutheri wa Kijerumani walianza kazi Ikutha, na baadaye Mulango. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifika Nzaui, upande wa Makueni. Desemba 1896 Scott akafa kwa homa. Wengine walikufa, wengine wakarudi makwao. Kisha ikaja ile njaa ya 1898 hadi 1900, ambayo wazee huiita Ngomanisye.

Mmoja wa wale wa Nzaui, Willis Hotchkiss, aliandika kwamba alitafuta kwa zaidi ya miaka miwili neno la Kikamba la "kuokoa". Aliuliza asipate. Siku moja, wakiota moto, mwenyeji alisimulia jinsi mtu alivyoshambuliwa na simba akaponywa na mwenziwe, na katika masimulizi hayo neno likatamkwa. Mwaona, basi, kwamba uvumilivu wa mhubiri usingefaa kitu pasipo mzee mwenye kusimulia! Hayo ndiyo tunayotaka vijana wetu wayaandike wanapokusanya habari za Tulia: majina ya waliobeba mizigo, waliofundisha kusoma, waliotafsiri, nao hawajachongewa jiwe lolote la kumbukumbu.

Injili ya Marko kwa Kikamba, kazi ya Krapf, ilipigwa chapa Ujerumani mwaka 1850, baina ya safari zake mbili za kwa Kivoi. Agano Jipya lilitoka 1920. Biblia nzima iliwafikia Wakamba mwaka 1956, miaka mia moja na mitano baada ya Kivoi kuuawa karibu na Tana.